Ufunguo Uliolala Juu ya Pia ya Goti

Shoga zangu, leo nimeumbuka, tena mbele ya wifi yangu. Sogeeni niwahadithie. Kesho mtaisikia kwa watu, afadhali muisikie kwangu.

Goti langu la kulia mnalijua. Kila nikikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, pia yake inachomoka na kuhamia ubavuni. Naipiga kofi, inarudi, nalia kidogo, naendelea na nazi. (Mchuzi haungoji goti.) Lakini juzi ilichomoka mazoezini, na Ijumaa ndiyo ngoma yetu ya lelemama, na mimi ni wa mstari wa mbele. Mume wangu akasema daktari kwanza. Daktari akinikataza, nafasi yangu anaichukua Bi Rukia, ambaye siku hizi ananijulia hali kila asubuhi kwa mapenzi makubwa.

Basi leo nikajipamba. Hospitali si pa kwenda na kanga iliyopauka! Nikatoa sandukuni ile doti niliyovaa maulidini wiki iliyopita, nikajitanda buibui juu yake, nikafuatana na wifi yangu Salma. Hatusemezani tangu ufunguo wa kabati la sukari upotee. Mimi nilisema kuna mtu kauiba, nikasema kwa sauti, majirani wa ghorofani wakasikia. (Jina sikutaja. Nilimtazama tu.)

Daktari akaeleza kuwa nitapigwa eksirei kwa ubavu, goti limekunjwa kidogo, kisha apime kwenye picha kama pia imekaa mahali pake au imepanda. Mpiga picha alikuwa mwanamume, nikaomba sitara. Akaniruhusu nijifunike kanga moja mguuni. Akauliza kama nina chochote cha chuma.

"Hata pini sina," nikamwambia.

Fundo kwenye pindo la kanga nililihisi. Nikajisemea ni iliki zangu za kutafuna, nikalisukuma lilale gotini lisinichome pajani. (Akili zangu hizo!)

Picha ikaja ingali mbichi. Daktari akaibandika kwenye kioo chenye taa, akachukua rula na penseli, akaanza kupiga mstari. Akasita. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bibi," akasema, "pia yako nnaiona. Na huu ufunguo ni wa wapi?"

Ulikuwa pale, mweupe pe, umelala juu ya pia yangu, meno yake yote yanahesabika. Niliufunga pindoni mwenyewe siku ya maulidi, nikaikunja kanga, nikaifungia sandukuni. Salma akasogea karibu na kioo. Akautambua kwa kishikio chake kilichopinda.

"Wa kabati la sukari," akamjibu daktari, taratibu kabisa.

Laiti angenitukana! Mpiga picha aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Nami hata kukimbia siwezi, na goti lenyewe ndilo hilo.

Picha ikapigwa upya. Safari hii nilifunikwa kanga ya Salma, ambayo haikuwa na fundo lolote. Daktari akapiga mstari wake, na ncha ya chini ya pia ikabaki juu ya mstari. Imepanda, akasema, ndiyo maana inateleza. Nikamuuliza habari ya lelemama. Akataka kujua inachezwaje, nikamwonyesha pale pale, mikono na shingo, miguu inasogea kidogo tu. (Naam, nimecheza hospitalini. Aibu ilikwishakwisha.) Akacheka, akasema ngoma hiyo nicheze. Kuchuchumaa na kukaa juu ya mbuzi, marufuku.

Nilifurahi mpaka nikasahau kuona haya. Njiani haya ikanirudia. Nikamwomba Salma radhi mbele ya muuza kahawa na wateja wake wote, maana aliyetuhumu kwa sauti haombi msamaha kwa kunong'ona. Tulipofika mlangoni akanyoosha kiganja, nikamwekea ufunguo.

"Nazi ntakuna mimi, wifi," akasema. "Na sukari ntapima mimi."

Basi Ijumaa mtaniona mstari wa mbele, na Bi Rukia mpeni salamu zangu. Kucheka chekeni leo mmalize. Nyumbani karibuni chai, ila mkiona haina sukari, msiniulize mimi.