Kilomita Mia na Arobaini za Babu

Jumatatu, 3 Juni

Daktari kamkataza Babu kupanda pikipiki. Moyo umechoka, anasema. Babu kamsikiliza kwa adabu zote, kashukuru, na tulipofika nyumbani tu kaenda bandani kuipangusa. Miaka hamsini ya safari ndefu! Mita inasoma 99,860. Ikimaliza inarudi sifuri zote, kwa mara ya nne. Babu anasema zimebaki kilomita mia na arobaini, na atazimaliza mwenyewe. Jumamosi hii. Akianguka njiani, nani atamwokota?

Jumanne, 4 Juni

Mjomba kaja. Yeye ni mtu wa mashindano ya pikipiki: vikombe saba, kidole kimoja cha mguu hana. Kasema ataipeleka uwanjani, aizungushe raundi sabini, sifuri zipatikane, yaishe. Babu kamuuliza baada ya raundi sabini anafika wapi. Mjomba kakiri: palepale. "Basi wewe ni nzi kwenye mdomo wa kikombe!" Mjomba akajibu kwamba safari za Babu ni kuumia mgongo siku nzima ili ukanywe chai kwa mtu usiyemjua. Babu kasema ndiyo, hasa. Wakanuniana hadi chai yetu wenyewe ikapoa.

Mimi nina wazo bora kuliko la Mjomba!

Jumatano, 5 Juni

Nimemaliza kitabu cha matengenezo ya pikipiki, chini ya dawati, kwenye kipindi cha historia. Mwalimu kaniuliza chanzo cha vita, nikamjibu kebo. Darasa zima hoi kwa kicheko. Potelea mbali. Nimegundua kwamba mita haijui barabara. Inajua kebo tu, ile inayozungushwa na gurudumu la mbele. Ichomoe kule chini, ibane kwenye drili, ile mashine ya umeme ya kutobolea mbao, mita itahesabu pikipiki ikiwa imesimama. Sifuri zikitokea, Babu hana sababu ya kutoka. Hafi. Rahisi hivyo!

Seremala jirani kaniazima drili. Nimemwambia ni ya somo la fizikia. Kaniamini, maskini, kwa ajili ya miwani yangu. Hata Babu huniita Profesa kwa miwani hiyohiyo.

Ijumaa, 7 Juni

Mama kampeleka Babu kliniki. Nimetoroka shule, mara ya kwanza maishani. Kwa muda wa saa mbili na nusu nimeshika drili! Mikono imekufa ganzi. Drili ikaanza kutoa moshi, nikaipepea kwa daftari la hesabu. Nikasinzia kidogo. Kuzinduka, mita inasoma 00,003. Tatu za ziada! Hata kudanganya sijui kupima.

Jumamosi, 8 Juni

Babu kaamka mapema. Koti la ngozi, buti, kofia ngumu mbili mkononi. Sikujiuliza kwa nini mbili. Nikamfuata bandani, uso nimeutayarisha wa kushangaa.

Kaitazama mita. Kavua glavu. Kaitazama tena. Nikangoja ashangilie. Kaniuliza, polepole, nani kazimaliza kilomita zake.

Nikamwambia yote kwa pumzi moja: drili, moyo, daktari. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Kakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akatoa daftari lake la safari. Kila safari ina mstari wake: alikotoka, alikofika, kilomita, abiria. Mstari wa mwisho wino umeanza kufifia. "Nyumbani hadi kaburini kwa Bibi. 140. Abiria: Profesa."

Aliuandika wiki tuliyomzika Bibi kijijini kwao. Miaka miwili hakwenda na pikipiki hata dukani, kilomita hizo zisije zikapungua. Alikuwa akingoja mitihani yangu iishe, na imeisha wiki iliyopita. Mimi nilidhani anataka sifuri.

Kasema si neno, mjukuu wangu. Kofia ya pili kaitundika mwenyewe msumarini.

Jumapili, 9 Juni

Babu hajatoka kitandani. Daktari kaja, kazungumza na Mama mlangoni kwa sauti ya chini. Mama kaingia jikoni, kafungua bomba, hakuosha kitu. Mjomba kakaa kando ya kitanda, kamshika Babu mkono. Hakuna aliyetaja nzi.

Alasiri Babu kaniita. Kasema pikipiki basi. Anataka kesho nikae naye tu, nimsomee daftari lake tangu safari ya kwanza. Sauti yangu inatosha kumfikisha, anasema.

Nilikuwa karibu kukubali. Lakini drili ina swichi ya kuzungusha kinyume! Nimeiona leo. Mjomba kaniambia niache, nitavunja meno ya mita, nikakae na babu yangu. Anajua nini, mtu wa kuzunguka palepale?

Nimemwambia Babu kesho sina nafasi, nina kazi bandani. Kauliza kazi gani. Nikasema siri. Kanitazama sana, kisha kageukia ukutani.

Mia na arobaini na tatu za kurudisha. Saa mbili na nusu, na safari hii sisinzii. Nikimaliza nitamsomea daftari lote. Atanisubiri.