Busta Ni ya Wanyonge

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Gari limekamilika! Miezi tisa ya kuchomelea mabomba nyuma ya nyumba yangu hapa Same, na leo limesimama kwa tairi zake nne. Mabomba, viti viwili, injini ya gari dogo la saluni lililokufa, sanduku la mzigo nyuma. Nimelipima kwenye mizani ya mahindi, tairi moja baada ya nyingine. Kilo mia nne na thelathini. Unyoya!

Busta nimeing'oa. Wajukuu watakaosoma wajue: busta ni lile dude jeusi la duara, kama sufuria iliyofunikwa, linalousaidia mguu kukanyaga breki. Gari zito linahitaji. Langu lisaidiwe nini? Mwanaume ana mguu.

Bi Dorkas wa Bombo, kule milimani, mwenye tangawizi nyingi kuliko subira, ameahidi: nikiteremsha magunia mawili salama Jumamosi, mzigo wote wa kikundi chao cha wakulima nitabeba mimi.

Vitus, fundi breki wa mtaa wa pili, alipita. Akaitazama pedali, akaguna. Mguno tu! Mtu aliyejifunza ufundi kwa kuwashikia wenzake tochi.

Jumanne, 5 Agosti

Jaribio, barabara ya Kisiwani. Spidi arobaini. Nikakanyaga. Pedali ngumu kama jiwe. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, nikanyanyuka kitini. Gari likaendelea na shughuli zake. Tukaja kusimama ndani ya ua wa minyaa wa mtu. Mwenye ua akatoka. Nikamwambia napima upana wa barabara.

Sababu: kobazi. Zinateleza.

Fadhila, mke wangu, aliijaribu pedali gari likiwa limesimama. Akasema hata akiipanda yeye na mama yake haitakwenda. Mama yake ana kilo tisini. Kutia chumvi tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Fadhila kanilazimisha kwenda kwa Vitus. Nikaenda kama mtu anayepita tu. Vitus hakuinua hata kichwa. Akasema gari jepesi vile halihitaji busta. Nikafurahi! Kisha akaharibu. Eti tatizo ni masta, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki. Nimeitoa kwenye gari zito, ni nene mno, bila busta mguu hauiwezi. Niweke masta nyembamba, nirefushe mkono wa pedali, basi.

Nimewaza njia nzima. Kwa nini Vitus hataki niwe na busta? Kwa sababu anajua busta ndiyo itakayoniokoa! Wivu mtupu. Mchana huohuo nimeing'oa moja kwenye basi dogo bovu. Kubwa kama ungo. Imekula nafasi ya goti langu moja, lakini matokeo! Nagusa tu, gari linasimama. Mara ya kwanza nilipiga paji la uso kwenye usukani. Dalili ya ubora.

Jumamosi, 9 Agosti

Kupanda Bombo, safi kabisa. Nikampa Bi Dorkas shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye gari. Akauliza kama hilo ni gari au kitanda cha hospitali. Nikacheka kwa adabu. Akapanda.

Kushuka. Kokoto, vumbi, kona. Kushoto bonde, chini kabisa mabati ya watu, madogo kama vifuniko vya soda. Nikagusa breki. Nimegusa tu! Tairi zote zikaganda, usukani ukawa pambo, gari likateleza kiubavu kama sabuni bafuni. Bi Dorkas alinishika mkono. Hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu: "Jabiri, mimi nina wajukuu."

Alama za kucha zake bado zipo.

Migomba ikatupokea. Mitatu imelala, magunia yamepasuka, tangawizi imetapakaa mteremko mzima. Nilishuka, nikakaa chini kwenye majani. Jua kali, bila shaka.

Bi Dorkas akajipangusa vumbi. "Mwanangu, punda wa marehemu baba yangu alikuwa na akili kuliko hili gari lako. Na alikuwa kipofu." Akaondoka kwa miguu. Hata mkoba alikataa nimbebee.

Jumanne, 12 Agosti

Nimesalitiwa nyumbani kwangu! Fadhila kamwita Vitus. Wameng'oa busta, wamefunga masta nyembamba ya gari dogo, wamerefusha mkono wa pedali. Mimi mwenye gari nimepewa kazi ya kushika spana.

Vitus akachora mstari wa chokaa barabarani. Fadhila akaja na spidi arobaini, akakanyaga kwa mguu mmoja, tena na kandambili. Gari likasimama shwari kabla ya mstari. Mara sita. Nikatafuta kasoro. Nikaipata: mstari umepinda.

Bi Dorkas alikuwa ameshuka sokoni, Fadhila akamleta aone. Akatazama mara zote sita, mikono kifuani. Mwishowe akasema mzigo atatoa, kwa sharti moja: dereva awe Fadhila. Vitus akaguna tena. Safari hii ulikuwa mguno wa kicheko.

Jumatano, 13 Agosti

Nimetafakari kwa utulivu. Nani alisema tangu mwanzo kwamba gari hili halihitaji busta? Mimi! Vitus kaniiga, kaongeza vikorokoro vyake, sasa anasifiwa mtaa mzima. Leo nimewaeleza ukweli watu kumi na mmoja. Wanne walisikiliza hadi mwisho.

Na nimegundua jambo jingine. Breki ya mkono. Waya, mkono wenyewe, springi: kilo tatu na nusu za woga. Gari likishasimama, limesimama. Linashikiliwa lisiende wapi? Nimeing'oa asubuhi hii Fadhila akifua nguo. Gari nimeliegesha mbele ya nyumba, pale kwenye kimteremko, gia nimeitoa ili injini ipumzike.

Fadhila anapiga kelele nje. Nimechungulia. Gari linapita dirishani, polepole, bila mtu ndani.

Vitus huyo! Amelisukuma.