Kabati Linalopumua

Siku fundi Sentimita alipopita dirishani kwa mama mwenye nyumba, akaona runinga pana kama kitanda imeegemezwa juu ya meza ya chakula na spika zimefunikwa vitambaa, alisimama akaingiwa na huruma. Hivyo ndivyo alivyoiita yeye hali ile. Watu wengine huiita tamaa.

Sentimita alivaa futi ya kupimia shingoni kama daktari avaavyo kipimo chake, ila tangu azaliwe hakuwahi kukata ubao. Kazi yake ilikuwa kuchukua vyombo vya watu "vikapimwe karakana", ili kabati lije liwakae kama suti ya arusi. Vyombo vilikwenda. Suti haikurudi.

"Mama, runinga hii inateseka," alisema baada ya salamu. "Niachie wiki moja tu nikaipime."

"Ipimie hapo hapo ilipo."

"Mama, hata mshonaji..."

"Mshonaji wangu hunipima nimesimama, haondoki na mimi. Hivi ni vya mwanangu aliye safarini. Ni amana. Havitoki humu ndani hata kwa maombi, na maombi nayajua."

Mwingine angeaga. Sentimita aliutazama ukuta. Upande wa pili palikuwa na chumba cha kupangisha, kitupu, kinachovuja.

"Basi nakujengea la ukutani. Milango, kufuli, funguo zote mkononi mwako. Sitaki hela. Nipe kile chumba tu niweke mbao zangu."

Mama mwenye nyumba alikuwa mcha Mungu, lakini bure ni bure. Kabati zima kwa chumba kinachovuja! Alimwonea kijana huruma, akamwombea kimoyomoyo, kisha akakubali upesi kabla kijana hajazinduka.

"Ila nyuma tutatoboa ukuta," Sentimita alisema. "Vyombo vya umeme hupata joto. Lazima kabati lipumue."

"Lipumulie chumbani kwako?"

"Hewa ya kwangu safi, mama."

Hivyo, kwa mara ya kwanza maishani, akafanya kazi. Alikata, akapiga randa, akajikata vidole, akaweka rafu ya deki na matundu ya nyaya. Ubao wa nyuma aliutia bawaba upande wa chumbani kwake, pasipoonekana. Likatoka kabati zuri mpaka mwenyewe akasikitika kidogo kwamba hatakuwepo likisifiwa.

Sasa, mama mwenye nyumba ni mtu wa kufuta vumbi hata pale ambapo vumbi lenyewe halijafika. Aliingiza mkono na kitambaa nyuma ya runinga, iliyokwisha kuhamia kabatini, akasukuma. Ubao ukafunguka. Akachungulia, asione hata kipande cha mbao. Aliona redio, spika na runinga zimepangwa kama dukani, na mbele kabisa runinga ya mwalimu mstaafu, ile yenye plasta kwenye kona, aliyoiona nyumbani kwa mwalimu siku majirani walipokwenda kumpa pole. Mwalimu alikuwa akisema iko karakana, inapimwa.

Alirudisha ubao taratibu. Akaomba apewe nguvu ya kutopiga kelele, akapewa. Kisha akaenda kwa mwalimu. Mwalimu akamtaja muuza vitambaa, muuza vitambaa akamtaja kinyozi. Wote walikuwa wakisubiri makabati, na kila mmoja aliona aibu kuuliza.

Jioni Sentimita akaja na upole wake. "Kesho upo, mama?"

"Kesho si siku ya ibada, mwanangu?"

"Utachelewa kurudi?"

"Ibada haiharakishwi."

Hakusema uongo hata neno moja. Alikwenda ibada ya alfajiri, haikuharakishwa, akarudi.

Asubuhi Sentimita aliacha gari la kubebea mizigo kwenye kona, akaingia chumbani kwake, akafungua ubao na kupenyeza mkono. Patupu. Akapenyeza kichwa. Giza. Runinga itakuwa imesogezwa pembeni, akawaza, akajitoma mzima. Nyuma yake kinyozi, aliyekuwa amejibanza uani, aliingia, akafunga ubao, akauegemea kwa mgongo wake wote.

Mbele, ufunguo ukazunguka.

Sebule ilikuwa imejaa. Mwalimu na muuza vitambaa walikuwa kwenye kochi, mama mwenye nyumba kwenye kigoda, runinga ya mwanawe ikiwa salama nyuma yake. Na ndani ya fremu yenye vanishi, magoti kidevuni, futi ikining'inia shingoni kama tai, alikuwemo Sentimita.

"Lakini kabati lenyewe zuri," alisema muuza vitambaa.

"Zuri sana," alikubali mwalimu. "Vanishi imekolea."

"Hamjambo," alisema Sentimita.

Mwalimu alitoa mfukoni rimoti, akamlenga, akabonyeza.

"Ongeza sauti, mwalimu," alisema mama mwenye nyumba, akijiweka sawa kwenye kigoda. "Aanze na habari za runinga yako."