Kidole Kimoja cha Ofisi Nzima

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mbaya sana! Asubuhi meneja ametukusanya ofisini, katikati ya harufu ya sponji mpya kutoka kiwandani, akatangaza kwamba kuanzia keshokutwa maneno ya siri basi. Kila mtu atapewa vifunguo viwili vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta, kimoja cha kazi na kimoja cha akiba. Unachomeka, unaweka kidole, unaingia. Fundi wa kompyuta, binti mpole mwenye begi mgongoni, akaeleza kwamba siri inakaa ndani ya kifunguo chenyewe na haitoki humo. Hakuna cha kukariri, hakuna cha kuibiwa.

Na mimi je? Miaka kumi na moja nimetunza daftari la kijani lenye maneno ya siri ya kiwanda kizima cha magodoro. Anayesahau lake huja mezani kwangu kwa sauti laini. Wengine huja na chai. Meneja mwenyewe hutumia jina la paka wake na bado husahau! Na Ijumaa anatangazwa msimamizi wa ofisi. Nafasi hiyo naiota, pamoja na kile kiti kinachozunguka. Bila daftari, nani atanikumbuka?

Bi Rula alipiga makofi. Karani mwenzangu huyu, anayepigia kila kitu mstari kwa rula, hajawahi kuniomba neno la siri hata siku moja. Sijawahi kumwamini.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Meneja alitaka mtu wa kumsaidia fundi kusajili vidole. Nikajitolea kabla hajamaliza kusema. Mara fundi akaitwa ghalani kwenye printa iliyokwama, nikabaki na boksi la vifunguo. Nikapita meza hadi meza nikiwaambia wenzangu waendelee na kazi zao, nitawawekea kidole changu kwa sasa, wakipata nafasi watasajili vyao. Wakanishukuru! Vifunguo kumi na vinne, vya akiba vikiwemo, vyote kidole gumba changu cha kulia. Meneja alikuwa kwenye simu, akanipungia mkono niendelee.

Bi Rula alisema ahsante, ana kidole chake. Akasajili mwenyewe. Maringo tu.

Jumatano, 5 Machi

Raha! Simu ya mezani haikupumzika. Njoo mauzo, njoo uhasibu, njoo ghalani. Naenda, naweka kidole, taa ya kijani inawaka, natoka kama daktari. Mtunza ghala ameanza kuniita Bwana Kidole. Saa tano meneja alinigongea mlango wa choo akiuliza, kwa heshima kabisa, kama bado nitachukua muda. Daftari halikuwahi kunipa hadhi hii.

Fundi aliuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikamjibu kwamba hakuna kompyuta isiyofunguka. Si uongo.

Alhamisi, 6 Machi

Jioni miwani ya mama mkwe imekatika mkono. Mke wangu alisema ipelekwe kwa fundi wa miwani. Nikamwambia kuna gundi kali kabatini, na mimi si mgeni wa kazi hizi. Dakika tano baadaye miwani ilikuwa imeshika vizuri sana, kwenye kidole changu gumba. Mama mkwe alisema nia yangu ameiona, sasa nimrudishie macho yake.

Maji ya moto. Mafuta. Sabuni. Mke wangu akivuta. Hatimaye imetoka, kidole kimebaki kigumu na kinang'aa kama kifungo cha shati. Hakiumi, kwa hiyo hakuna neno. Kesho ndiyo siku!

Ijumaa, 7 Machi

Taa nyekundu. Nikafuta kidole kwenye suruali. Nyekundu. Meza ya mauzo, nyekundu. Kwa meneja, nyekundu!

Oda ya magodoro mia mbili ya shule ya bweni ilitakiwa kuthibitishwa mtandaoni kabla ya saa sita, la sivyo inakwenda kiwanda kingine. Na wiki mbili sasa washonaji wetu wanarudi nyumbani mapema kwa kukosa kazi. Hapo nikaogopa kweli, wala si kwa ajili ya kiti. Nikasugua kidole kwa jiwe la miguu. Nikakitia kwenye siki. Ofisi nzima ilikizunguka kama mgonjwa mahututi. Nikakiri yote.

Bi Rula alikuwa ghalani akipima sponji. Akaitwa mbio. Akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta yake. Akakaa, akaweka kidole chake, kijani, akathibitisha oda saa sita kasoro dakika nane. Washonaji walishangilia mpaka vioo vikatikisika. Hata mimi nilishangilia.

Msimamizi ni yeye. Mchana ndipo fundi alipofika, akafuta kidole changu kila mahali, kila mtu akasajili chake. Meneja alipoifungua kompyuta yake bila kumwita mtu, alicheka, akaifunga, akaifungua tena.

Kisha Bi Rula akaniita. Nikajua kwisha habari yangu. Akasema hajawahi kuona mtu anayefurahia kuombwa vitu kama mimi, basi nitunze kabati la vifunguo vya akiba vya ofisi nzima. Nilimtazama nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Machozi yalinilenga, nikasingizia siki.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekuwa mtu mpya. Leo nimeweka kufuli mpya kwenye kabati, ile ya kisasa ya kidole. Inapokea vidole kumi, lakini vyote hivyo vya nini? Nimesajili kimoja tu, gumba la kushoto, maana la kulia bado linabanduka ngozi. Kuanzia Jumatatu watakuja tena mezani kwangu kwa sauti laini.

Miwani ya mama mkwe imekatika mkono wa pili. Mke wangu ametaja tena fundi wa miwani. Nimemwambia asihangaike, gundi bado ipo. Safari hii nitaishika kwa mkono wa kushoto. Mimi si mtu wa kurudia makosa.