Nyusi za Kuangalia Shimoni

Jumatatu, 3 Machi 2025

Sasa hivi tu Lukresia ameniletea penseli yangu ya wanja. Imebaki kipande cha kushika kwa kucha. Nimemuuliza nyingine imekwenda wapi, akanyoosha kidole. Mama mkwe amelala mkekani, mdomo wazi, na nyusi mbili nyeusi tii kutoka puani mpaka karibu na masikio. Nikainua mkono nimchape mtoto. Halafu nikasogea nitazame vizuri. Zinalingana! Mtoto wa miaka minne! Kipaji hiki hakikutoka kwa mume wangu, Mabula.

Nikaenda kutafuta maji nimfute taratibu. Kurudi, ameshaamka, amejifunga kanga, ameenda jumuiya.

Daftari hili nimelianza kwa sababu moja. Ijumaa mwalimu wa chekechea aliwauliza watoto mama zao wanafanya kazi gani. Mmoja akasema mama anauza dagaa, mwingine mama anashona. Lukresia wangu akasimama, akasema, "Mama yangu anasubiri." Mwalimu alinisimulia huku anacheka. Nami nikacheka. Nikaja kulia nyuma ya choo. Lakini mtoto hakusema uongo. Namsubiri Mabula atoke shimoni. Nasubiri duara lao, shimo wanalochimba kwa pamoja, litoe dhahabu. Mwaka wa tano huu.

Basi! Nitakuwa fundi wa nyusi za kudumu. Hapa Rwamgasa, kwa jasho hili na vumbi la karasha zinazosaga mawe, wanja wa asubuhi saa sita uko shingoni. Atakayeleta nyusi zisizofutika atabebwa juu juu.

Na nafasi ipo. Madam Kudra wa Kahama, mwenye saluni ya nyusi, anachukua mwanafunzi mmoja. Mmoja tu! Usaili Jumamosi, uende na mtu uliyemchora kwa mkono wako. Mariana msusi, jirani yangu wa mlango wa tatu, naye anaenda. Kaniuliza kama na mimi nitakwenda, au nitasubiri. Kalivuta hilo neno mpaka likachoka. Kumbe ya chekechea yamefika mpaka kwake!

Mama mkwe amerudi. Anasema leo wamemheshimu ajabu huko jumuiya. Katekista Eustace amemsalimu mara mbili.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia Madam Kudra kuuliza anafundishaje. Miezi mitatu ya kwanza unafua taulo, unashika taa, unachora kwenye ngozi ya mpira. Sindano huigusi. Mtu humgusi. Miezi mitatu! Huko si ndiko kusubiri kwenyewe? Nikatafuta njia nyingine.

Nimepiga chuo cha Mwanza. Kapokea dada mwenye sauti ya redioni, kataka cheti cha kidato cha nne. Mimi niliishia cha pili. Nikasema ninacho. Akasema nikipige picha nimtumie sasa hivi. Nikachukua mfuko wa nailoni nikaufikicha karibu na simu, nikasema mtandao unakatakata, halo, halo. Akasema, "Dada, huo ni mfuko." Nikakata.

Nikajiunga na mafunzo ya simuni ya mtu anayejiita Daktari wa Nyusi. Anafundisha kwa sauti za kurekodi, siku tatu, huondoki nyumbani. Nimejiunga saa nne. Saa tano cheti kimefika! Kina muhuri wa dhahabu na utepe, na somo la kwanza sijalisikiliza bado. Nikaruka ruka na Lukresia uani. Halafu nikakisoma. Cheti ni cha Mabula Mayala. Laini yangu ilisajiliwa kwa kitambulisho chake. Yaani mume wangu, mchimbaji, mwenye kucha kama jembe, ndiye Mtaalamu wa Nyusi za Wanawake.

Nikamtumia acheke. Hakucheka. Akiwa chini, simu yake inashikwa na wenzake juu. Duara zima sasa wanamwita Mtaalamu.

Jumatano, 5 Machi, Majivu

Daktari wa Nyusi kafundisha jambo moja la maana, kwamba ngozi ya nguruwe inafanana na ya binadamu. Jana nilienda bucha ya kitimoto nikaomba ngozi tupu. Selestine mwenye bucha kaniuliza mara tatu kama nyumbani kuna amani. Nikaichora kwa piko, ile rangi nyeusi ya mikono ya bibi harusi, inayokaa wiki mbili. Sindano nitaikuta mbele ya safari. Jozi nane mbovu. Ya tisa nzuri mpaka nikahisi inanitazama. Nikaianika uani, nikaifunika kwa ungo.

Leo tumetoka kanisani na majivu yetu kwenye paji la uso. Mama mkwe akaenda kuchukua ungo apepete mahindi.

Mayu we! Kelele hizo hata Katoro wamesikia. Nguruwe, siku ya Majivu, na bado anamwangalia! Majirani wakajaa. Nikasema ni masomo, jamani, ni masomo. Nani asikie? Apolinari, mchimbaji wa duara la jirani, akachuchumaa mbele ya ngozi, akaitazama muda mrefu. Akasimama, akavua kofia. Akasema hiyo ni dawa, Mabula ametafuta macho ya kuonea chini. Nikamwambia ni kazi ya shule, baba. Akanikonyeza. Ndiyo, ndiyo. Ya shule.

Mama mkwe ameizika ngozi kwenye mihogo na kuimwagia maji ya baraka. Jozi tisa zote!

Alhamisi, 6 Machi

Duara la akina Mabula limetoa! Mawe ambayo dhahabu unaiona kwa macho haya haya!

Mabula anasema waliufuata mwamba upande wa kushoto tangu wiki iliyopita, na wamefanya kazi kama punda. Hakuna anayetaka habari za mwamba. Rwamgasa nzima inasema ni ngozi. Saa nne wamekuja wanaume wanne na majembe kuifukua. Ngozi hawakuiona, mbwa alishawahi. Wameng'oa mihogo yote. Mama mkwe kawafukuza kwa mwiko.

Mabula kanikalisha chini. Kasema maneno ya dawa huku machimboni si mchezo, leo wanakusifu, kesho wakikosa wanakuchomea nyumba. Nisichore mtu, nisicheke na mtu, akiuliza yeyote nimwambie ukweli. Nikaahidi. Nilimwonea huruma, ana vumbi mpaka kwenye kope.

Lakini Jumamosi ni keshokutwa na sina mtu! Mariana kampata Agatha, binti wa mwenye gesti, uso kama sahani ya harusi. Mimi nimemwomba mama mkwe. Kanijibu kwamba yeye si nguruwe.

Ijumaa, 7 Machi

Saa moja asubuhi, hodi. Apolinari. Anataka nyusi.

Nikadhani ananitania. Akavua kofia, akaishusha mikononi kama yuko kwa padri. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukitazama vizuri. Hana nyusi! Baruti ilizichoma mwaka juzi. Paji lote jeupe, tambarare, linasubiri mkono wangu. Mungu ana namna yake ya kujibu.

Nikaikumbuka ahadi. Nikamwambia Apolinari kwa sauti, mlango wazi, kwamba hii si dawa, ni urembo. Akasema anajua, anajua, akakonyeza. Basi, ukweli nimemwambia. Ahadi nimeitimiza robo tatu.

Nilitaka kumpandishia juu kidogo, kama wanavyovaa mjini. Kakataa. Anataka ncha za nje zishuke. Ziangalie shimoni. Nikabishana, lakini mteja ni mteja. Nimempima kwa uzi kutoka katikati ya pua, kulia na kushoto, mara sita. Zimelingana kabisa. Tatizo ni uso. Amekuwa kama mtu aliyefiwa na ukoo mzima kwa siku moja. Yeye anasema anahisi nguvu.

Kukubali kwenda Kahama kumechukua muda. Nikamwambia nyusi mpya zinahitaji kusafiri.

Jumamosi, 8 Machi

Tumepanda basi Buseresere. Limejaa kina mama wa sare za vitenge, wanakwenda kwenye Siku ya Wanawake, wanaimba. Apolinari akaingia. Wimbo ukakatika. Kondakta akamwinua kijana siti ya mbele amwachie. Mama mmoja akamshika mkono, akamwambia pole sana baba, jikaze. Mwingine akamuuliza mazishi ni lini. Apolinari akasema hajafiwa. Wakatikisa vichwa. Maskini, hajakubali.

Kufika Ushirombo ameshapewa chapati mbili, yai na maombi. Kufika Masumbwe akaanza kupiga simu kwao kuuliza ni nani. Tumeshuka Kahama analia kwelikweli, na ndugu zake wote wazima.

Madam Kudra amefunga Ramadhani, mimi nimefunga Kwaresima, wote wawili midomo mikavu. Alianza na Mariana. Nyusi za Agatha, lazima niseme, zilikuwa nzuri mno. Moyo ulinishuka mpaka kwenye ndala. Madam akachukua pamba yenye maji, akapitisha mara moja. Unyusi ukaja na pamba! Wanja wa kawaida! Mariana akasema ni joto la Kahama.

Halafu akaingia Apolinari. Madam akamtazama. Akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Alicheka mpaka akaomba kiti. Alipotulia akapitisha pamba, hazikutoka. Akachukua uzi, akapima, akapima tena. Akauliza nani kanifundisha. Nikasema nguruwe.

Hapo akawa mkali. Je, nilimjaribu rangi nyuma ya sikio siku moja kabla? Nilivaa glovu? Ingemchoma macho ningefanya nini? Niliona aibu mbele ya Apolinari, ambaye alikuwa anakula chapati yake ya pili. Madam akaniuliza kwa nini nataka kazi hii. Nilikuwa na maneno mazuri nimeyapanga, yakapotea yote. Nikamwambia tu alichosema Lukresia chekechea. Madam akakunja ule uzi kidoleni.

Nafasi ni yangu! YANGU! Naanza Jumatatu ya tarehe kumi na saba, kuna chumba nyuma ya saluni, na mtoto naruhusiwa kuja naye. Sharti ni moja. Nisiguse uso wa mtu mpaka aseme yeye. Nikigusa uso mmoja tu, nafasi ni ya Mariana, maana aliyechora kwa wanja anafundishika. Nikaapa. Mariana alikuwa mlangoni, anasikiliza kwa macho na masikio.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Lukresia Mama atakuwa mwanafunzi. Kauliza kama nitavaa sketi ya bluu, na kama mwalimu wangu anachapa. Tukafanya mazoezi. Mimi mwalimu, yeye yeye. Mama anafanya kazi gani? "Mama anasubiri." Hapana mama, sema Mama anachora nyusi. Mara tano, sita. Mwisho akaipata, akakimbia kumwambia mbuzi.

Mabula kafurahi mpaka kanunua soda za jumuiya nzima. Nyusi za Apolinari kanisamehe, mradi ziwe za mwisho. Kasema miezi mitatu si kitu, yeye kakaa miaka mitano shimoni. Nilimwangalia mume wangu nikaona kumbe kusubiri tulikuwa tunasubiri wawili.

Jumanne, 11 Machi

Mambo yamekuwa makubwa.

Apolinari hajapata dhahabu hata ya kuziba jino. Lakini tangu Jumamosi hajalipia chakula. Kila anapopita watu wanampa pole na sahani. Mwenye karasha kamsamehe zamu, kamwambia apumzike na majonzi. Anatangaza kila mahali kwamba nyusi zinafanya kazi.

Asubuhi nimefungua mlango, wachimbaji saba wako foleni. Wote wanataka ncha chini.

Nikakataa. Niliapa, nikakumbuka. Nikaingia ndani, nikakaa. Nikasimama. Nikachungulia. Nyuso saba, wananiita Madam! Nikafikiri vizuri, kama mtu mzima. Sharti ni la mwanafunzi. Mwanafunzi nitakuwa Jumatatu. Leo ni Jumanne, mimi bado ni mtu baki. Na safari hii nimevaa glovu, zile za mama mkwe za kumenyea pilipili. Kwa hiyo ya Madam nimeyazingatia. Mabula yuko chini, atatoka jioni, nitamweleza taratibu.

Mariana kanishangaza. Kaja na kiti chake, kashika taa ya simu bila kuombwa, anasema yaliyopita yamepita. Amewapiga picha wote, mmoja mmoja, na mimi nikiwa nachora. Anasema ni za kumbukumbu. Nilimfikiria vibaya bure, ana moyo mzuri yule.

Wanne tayari. Watatu wamebaki, na mama mkwe, aliyekaa mwisho wa foleni na kusema ameketi tu kupumzisha miguu. Nimeingia mara moja kuandika haya rangi ikikauka. Sijawahi kuwa na asubuhi kama hii. Nikienda Kahama na jozi saba mkononi, hiyo miezi mitatu Madam mwenyewe ataona haina

Lukresia anaita nje. Kashika simu yangu. Anapiga kelele ni Madam wa Kahama, kauliza Mama anafanya nini, na yeye kamjibu vizuri kabisa, Mama hasubiri tena, Mama anachora nyusi, anachora wababa saba. Kaipata! Mbele ya watu! Naja mama, naja, mwambie Madam asikate, nitamweleza tu kwamba hawa si kwamba nimewagusa, ni