Maputo ya Kijiko kwa Kijiko

Jumatano, 5 Juni
Leo shemeji, kaka yake mke wangu, kaleta pampu ya baiskeli. Eti atajaza maputo ya Kipusa, binti yangu, anayetimiza miaka saba Jumamosi. Nani kamwomba? Kipusa keshalitangazia darasa zima kwamba baba yake ni mwanasayansi! (Nauza viatu.) Siwezi kumwaibisha mtoto. Nikatamka mbele ya wote: maputo nitayajaza mimi, kwa siki na magadi soda. Shemeji akacheka mpaka akapaliwa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimechungulia kitabu cha mke wangu, mwalimu wa kemia. Moli moja ya asidi ya siki, moli moja ya magadi, inatoka moli moja ya gesi. Kumbe rahisi! Kijiko cha siki kwenye chupa, kijiko cha magadi kwenye puto, puto mdomoni mwa chupa. Povu! Puto likavimba kama limau, likagoma. Nikaongeza magadi. Kimya. Nikaongeza tena, na tena. Kimya! Magadi feki haya. Muuza duka kaniingiza mjini.

Ijumaa, 7 Juni
Mke wangu kanifuma jikoni, mweupe magadi mpaka kwenye nyusi. Hakugomba, kavuta kiti. Kasema moli si kijiko, ni hesabu ya chembe. Siki ya dukani ni maji yenye asidi kiduchu. Asidi ilishaisha zamani, hata ningemwaga gunia la magadi gesi isingeongezeka. Akapima magadi kwa mizani, akageuza gramu kuwa moli, akatafuta siki yenye moli za asidi zilezile. Ikaja vijiko viwili vidogo vya magadi kwa kikombe kidogo cha siki. Puto likatuna kwelikweli! Nampenda mno huyu mwanamke. Nikamwambia ndipo nilipokuwa naelekea.

Jumamosi, 8 Juni
Maputo yamejaa, lakini hayapai! Mke wangu kaninong'oneza kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Yamelala sakafuni kama paka walioshiba. Moyo wangu paa! Shemeji akauliza kama siku hizi wanasayansi wanatengeneza mawe. Kipusa akamkata kauli: maputo ya Baba yana adabu, hayamkimbii mtu. Watoto wakayapiga mateke mpaka jioni. Nikajifanya siki imeniingia machoni.

Jumapili, 9 Juni
Tairi ya baiskeli ya shemeji imeisha upepo, na pampu yake imepasuka mpira. Ha! Nimemwambia akae kitako, amefika kwa mtaalamu. Mke wangu akauliza kwa upole kama nakumbuka kupima. Nikamwambia asihangaike, uwiano nimeshaukariri: moja kwa moja. Ila tairi ni kubwa, kwa hiyo nimeweka vijiko vitano vya siki na vitano vya magadi. Ikigoma, naongeza magadi.