Ufunguzi wa Upande wa Nyeusi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mlezi wa Kamati hiyo, ambaye kwa bahati nzuri pia ni mimi. Naibu wangu uliyenishikia mwavuli. Wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo, na ninyi mnaokaimu nafasi za makaimu. Jirani yetu mwenye gereji uliyekubali kuzima mashine ya kuchomelea kwa nusu saa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa mtanivumilia. (Makofi. Naibu anapiga kwenye mpini wa mwavuli.)

Nasimama mbele yenu kama Mkurugenzi wa Idara ya Michezo ya Kukaa, nafasi niliyoishika miaka kumi na mmoja bila kusimama. (Kicheko kinachozimwa haraka.)

Nyote mnamfahamu binti yetu mpiga chapa wa masjala, yule pale safu ya pili, mwenye begi magotini. Binti huyu amefika fainali ya sataranji ya idara zote, na fainali ni leo hii, saa nne asubuhi, upande wa pili wa mji. Wiki mbili zilizopita aliniletea barua, akaniambia, "Mzee, kwenye fainali nimepangiwa kete nyeusi, mwenzangu ndiye anayeanza. Nina ufunguzi wangu usio wa kawaida. Watu wanaucheka, ila mimi nauamini. Naomba tu unisainie hapa." Ndugu zangu, niliposikia neno ufunguzi, moyo uliniruka. Mimi nimefungua visima, nimefungua semina, nimefungua hata kikao cha kujadili jinsi ya kufunga vikao. Nikamwambia, mwanangu, mambo ya ufunguzi niachie mimi. (Makofi.)

Hapo hapo nikaunda kamati ya upembuzi yakinifu, kwa mkakati shirikishi unaozingatia vipaumbele mtambuka, na wadau wakahojiwa. Asilimia tisini na nne walisema wanapenda ufunguzi. Asilimia sita waliobaki walidhani wanaulizwa kuhusu chai. Na kwa kuwa binti alitamka nyeusi, nikaelekeza utepe wa kituo cha sataranji tunachokifungua leo uwe mweusi, ndio huu mnaouona. Namshukuru sana yule mama mpita njia aliyesimama kutupa pole. Tumeipokea.

Sikuishia hapo. Nilimwita anifafanulie stratejia yake. Akasema, "Mzee, mwenzangu atamtoa askari wa katikati. Mimi namsogeza askari wa pembeni kabisa, hatua moja tu. Ataniona sijui kitu, na mimi hapo nimeshaanza kazi." Nilitekeleza siku ile ile. Askari wetu wa geti la pembeni, yule baba mwenye pikipiki, nilimwandikia barua ya kumsogeza hatua moja kushoto. (Kicheko.) Msicheke. Ni kweli kibanda kimebaki kulia na kushoto ni jua tupu, lakini tangu asogee hatujavamiwa hata mara moja. Baadaye nikaelezwa kwamba askari aliyekusudiwa ni kete ya mbao. Sawa, lakini barua ilikuwa imeshatoka, na mimi siyo mtu wa kuyumba.

(Mpiga chapa ananyoosha mkono.) Sema mwanangu, kwa kifupi. Anasema sasa hivi ni saa nne kasorobo. Anasema saa ya mezani itaanza kuhesabu hata kama kiti chake ni kitupu, na ikipita nusu saa atahesabiwa ameshindwa. Anasema pia akiondoka bila sahihi yangu ni utoro kazini, na onyo la kwanza analo tayari. Nimekusikia, kaa. Hoja yako ni ya msingi na ipo ukurasa wa tisa. (Minong'ono.) Tulieni jamani. Nyeusi si kazi yake kusubiri?

Sasa nije kwenye kituo chenyewe. Kituo chetu cha sataranji kina ghorofa nne, meza mia sita na arobaini, maktaba, na mabweni mawili, moja la wachezaji wa nyeupe na jingine la wa nyeusi, ili wasizoeane. Kuna chumba cha kufikiria na chumba cha kufikiria upya. Ndani ya miaka mitano kila nyumba itakuwa na bingwa, na nyumba itakayokosa itapewa kaimu bingwa. (Makofi marefu.) Nani mwingine amewahi kuwaletea haya? Mimi sipendi kujitaja, lakini ni mimi.

(Pikipiki inawaka nyuma ya jukwaa.) Mwenye gereji, si tulikubaliana? Anasema siyo ya kwake. Haya, tuendelee.

Ukurasa wa tisa. Namwalika sasa binti yetu aje tukate utepe. Karibu mwanangu. Safu ya pili hapo. Naibu, mbona kiti kitupu? Basi askari wa pembeni aende akamtafute. (Kicheko kirefu.) Mnacheka nini? Ahaa. Askari wa pembeni ndiye aliyempakia. Hatua moja nilimwandikia, yeye kazimaliza zote.

Naombeni utulivu nisome hitimisho. (Anageuza karatasi.) "Mheshimiwa, siombi jengo wala sherehe. Naomba ruhusa ya siku moja. Hii ni mara ya nne naandika." Haya si maneno yangu. Naibu, hotuba yangu imechapwa nyuma ya barua ya nani? Anasema aliyechapa ni mpiga chapa. Bila shaka. Na mahali pa sahihi pako wazi. (Anaigeuza karatasi tena.) Kusema kweli, nimeona haya kidogo. Imepita.

Nikisema nyeusi, mseme mbele. Nyeusi. (Wachache: Mbele.) Nikisema ufunguzi, mseme maendeleo. Ufunguzi. (Mwenye gereji: Nusu saa imeisha, mzee.)

Nawashukuru kwa kuhudhuria ufunguzi wa kituo hiki. Nyuma ya utepe mnaona ukuta wa gereji, na huo ni wa gereji kweli. Ghorofa zitaanza kiwanja kikipatikana, kiwanja kitatafutwa kamati ya kiwanja ikizinduliwa, na hiyo nitaizindua mimi, utepe tayari tunao.

Naibu, nipe kalamu nisaini barua ya binti. Pale penye sababu ya kutokuwepo kazini pasiandikwe kitu kwanza. Jioni matokeo yakifika, akishinda jaza "ruhusa ya Mkurugenzi". Akishindwa jaza "utoro".